Ubao Usio na Mgongo

Fundi seremala aliniletea sanduku. Mimi nilikuwa nimeagiza ubao.

Nataka hilo lieleweke mapema, maana kwa miaka mingi yeye alikisimulia kisa hiki kote Changamwe kwa namna yake, na katika namna yake mimi ndiye niliyekuwa sijui nitakacho. Nilijua sana. Nilimpa vipimo kwa mkono wangu: ubao wa mvule, futi tatu kwa mbili, unene wa inchi moja, wenye tundu la duara la kutosha kupitisha kisahani cha chai, na miguu miwili ya kuusimamisha juu ya meza. Hakuna kuta, hakuna kifuniko, hakuna mgongo. Alikubali, akasema inshallah, akakaa na mbao zangu wiki tatu. Siku ya kuleta akaja na sanduku lililofungwa pande zote, lenye bawaba za shaba na kitasa cha ufunguo.

"Fundi, hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Ndoo hapa uone," akasema. Akaufungua mlango wa nyuma, akaufunga taratibu ili nisikie jinsi unavyokaa. "Hapapiti hata sisimizi."

"Lakini nilikwambia nyuma pawe wazi."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa hapa, na milango ya nusu ya nyumba hizi uzionazo kwa mato yako aliitia marehemu babangu. Hatujatoa kazi isiyo na mgongo. Watu watapita, wataona matumbo ya hicho kitu chako, wataniuliza mimi. Wallahi, mimi sitoi kitu kiko uchi."

Nilikuwa na hasira, lakini kwa mtu wa umri wa babako hasira huitoi. Unaimeza tu. Nikamshukuru kwa kazi nzuri, na kweli ilikuwa kazi nzuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Siku hizo, vita vikielekea mwisho ingawa hatukujua, nilikuwa karani katika karakana ya vyombo vya redio kwenye kiwanja cha ndege. Niliajiriwa kuandika namba za vyombo vinavyoingia na kutoka, lakini mafundi walikuwa wachache, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa nashika koleo na chuma cha kulehemu kama wao. Ndiko nilikopata spika. Ilikuwa imetupwa kwa sababu karatasi yake ilichanika. Niliiomba, nikapewa, nikaiziba kwa karatasi laini na gundi nyembamba, mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza ililia kama mbu. Redio yenyewe ilikuwa ya msimamizi wangu, aliyeniazima kwa miezi miwili baada ya kumweleza shida yangu.

Shida yangu ilikuwa baba. Ndugu yangu mkubwa alikuwa askari huko Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, na kwa miezi minane hatukuwa tumepata neno lake. Zamani barua zilikuja, lakini ndugu yangu aliacha shule mapema, hakujua kuandika. Alimwambia mwenzake, mwenzake akaandika. Baba alisoma misheni Rabai na aliamini kila kilichoandikwa katika Biblia, lakini hakuamini chochote kilichoandikwa jeshini. Mitaani kulikuwa na uvumi kwamba askari akifa, wenzake huendelea kuandika barua kwa jina lake ili wazazi wasifadhaike. Baba aliushika uvumi ule kwa mikono miwili. "Mkono wowote huandika," alisema. "Mimi nataka sauti yake."

Ndipo ikaletwa karatasi ya serikali. Jumapili fulani, saa tisa alasiri, askari wa kikosi cha ndugu yangu wangesalimu nyumbani redioni, mmoja mmoja, sauti zao zikiwa zimenaswa kwenye sahani za santuri huko huko waliko. Mama alilia kwa furaha. Baba aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaniuliza: "Nami nitasikiaje?"

Lilikuwa swali la haki. Baba alifanya kazi miaka ishirini ya kugongomea misumari ya chuma kwenye matangi ya injini za reli, ndani ya tangi wakati mwingine, na nyundo zile zilimla masikio. Zilimbakishia sauti nene tu. Maneno yenyewe, zile sehemu ndogo zinazotenganisha neno na neno, yalikuwa yamemtoka. Redio ya ukumbi wa mtaa ilikuwa ndani ya sanduku kubwa lililotundikwa juu karibu na dari, na kwake ilikuwa kama mtu anayehubiri ndani ya pipa. Mara mbili tulimpeleka, na mara zote mbili alirudi bila kuambulia neno hata moja.

Sajini mmoja karakanani ndiye aliyenionyesha njia. Alikuwa ameifunga spika yake kwa parafujo kwenye ubao mpana, bila sanduku, akauweka mezani mbele ya uso wake, akawa anasikiliza huku anaandika. Siku moja alinikalisha kitini kwake. Nilimsikia msomaji wa habari akimeza mate kabla ya kuanza. Sajini akanieleza kwamba sanduku baya huifanya sauti ingurume, na kwamba spika hutoa sauti nyuma sawasawa na mbele. Ubao ukiwa mpana, sauti ya nyuma haiwahi kuzunguka na kuiharibu ya mbele. Kwa hiyo unahitaji upana, unahitaji nafasi wazi nyuma, na unahitaji kukaa karibu, shubiri mbili tatu. Nikasema moyoni, baba atasikia.

Basi nikabaki na sanduku la fundi. Nililirudisha kwake, nikambembeleza kwa siku nne aung'oe mgongo. Siku ya tano alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akimaanisha langu, na akaenda kuswali. Nikalifungua sanduku mwenyewe, pale uani kwake. Niliziondoa bawaba na kitasa, nikautoa mgongo, nikatoa kifuniko na sakafu, kuta za pembeni nikazikata zikawa miguu. Aliporudi akaniona nikiwa na msumeno mkononi. Alisimama muda wa kutosha ili nijue amesimama, kisha akaenda zake.

Ubao nikajitwika kichwani kuupeleka kwetu, mwendo wa robo saa. Ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo: ubao mpana wenye tundu la duara hufanana na kitu kimoja tu. Kila mtu niliyempita aliniuliza kama tunajenga choo. Mzee mmoja alinishauri kwa upole kwamba tundu limekuwa dogo. Nilieleza mara mbili, kisha nikaacha kueleza, nikawa najibu kwamba ndiyo, tunajenga choo.

Nyumbani kulikuwa na vita vipya. Baba alitaka meza isogezwe ukutani kwa sababu meza mahali pake ni ukutani. Niliivuta katikati ya chumba, kwa kuwa ubao ukigusa ukuta sauti ya nyuma inarudi na kuvuruga maneno. Asubuhi naikuta ukutani. Naivuta. Jioni iko ukutani. Mama naye alikuwa amefundishwa kufuma vitambaa na akina mama wa misheni, na katika nyumba yetu hakuna kitu kilichoachwa bila kitambaa, kuanzia mtungi hadi kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Aliuona ubao, akaona lile tundu na karatasi nyeusi ya spika ndani yake, akasema linatazama kama jicho lisilo na kope. Kesho yake lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa kizito cha maua, kilichotiwa wanga kikawa kigumu kama bati.

"Mama, hapa ndipo inapotokea sauti."

"Itoke tu, nani ameizuia? Mgeni akija aone shimo?"

Nilikitoa, akakirudisha. Nilikificha, akaleta kingine. Mwishowe tukakubaliana kitambaa kiwekwe juu ya ubao na kining'inie pembeni bila kufikia tundu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mara nyingi nilitamani kumwambia kila mtu aache. Nilikuwa natengeneza kitu kimoja, kwa ajili ya sikio moja, kwa ajili ya siku moja, na kila aliyenipenda alikuwa na rai yake. Lakini tulipojaribu, baba akiwa ameketi na viwiko mezani, uso karibu na ubao, nilimwona akikunja paji la uso, kisha akalikunjua. Alirudia bei ya pamba kama ilivyosomwa, neno kwa neno. Akaniuliza kama huyo msomaji ana mafua. Alikuwa nayo.

Jumapili yenyewe nilitaka mlango ufungwe. Baba alikataa. Salamu za askari si zetu peke yetu, alisema, na mtu hafungi mlango wakati mwanawe anasalimu watu. Kwa hiyo majirani walikuja, kutoka kanisani moja kwa moja, na kila aliyeingia alimsalimu kila aliyemtangulia, na kila salamu ikapewa majibu yake yote, ya watoto, ya mifugo, ya shamba. Nilisimama karibu na betri huku jasho likinitoka. Wanaume walijaza viti mbele ya ubao. Akina mama, pamoja na mama yetu, walitandika mikeka nyuma ya meza, kwa vile niliivuta katikati na huko ndiko kulikobaki nafasi. Hakuna aliyedhani kwamba wa nyuma watasikia sawasawa. Kila mtu aliamini kwamba kitu huongea kwa upande wa uso wake.

Saa tisa ilipofika baba alisogeza kiti, akaegemea, jicho lake moja karibu liguse ule mvule. Askari wakaanza. Kila mmoja alitaja namba, jina lake, jina la babake, na mahali anapotoka, ndipo akasalimu. Ilikuwa wazi ajabu. Ulimsikia mtu akivuta pumzi, ukasikia karatasi ikichezacheza mkononi mwake. Wa kumi au wa kumi na moja akasema: mimi ni fulani, jina la ndugu yangu, mwana wa fulani, jina la baba, wa Changamwe, Mombasa. Nawasalimu baba na mama. Mimi ni mzima. Mungu akipenda tutaonana.

Haikuwa sauti yake. Ndugu yangu alikuwa na sauti ya juu, ya kuchekacheka hata akiwa na msiba, na alisema kama sisi tusemavyo. Huyu alikuwa na sauti nzito ya mtu wa bara, na alilitamka Changamwe kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. Nikamtazama baba na kumwomba Mungu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba awe hakusikia.

Hakutikisika. Askari aliyefuata akasema yake, na mwingine. Kisha baba akainuka kidogo na kuniambia kwa sauti ya chini, mimi peke yangu: "Umeitengeneza vizuri. Nimesikia kila neno. Si yeye. Mamako asijue."

Akawageukia watu. "Amesalimu," akasema kwa sauti. "Ni mzima."

Vigelegele vilitoka nyuma ya ubao, na cha kwanza kilikuwa cha mama. Watu walimkumbatia baba. Wakakaa hadi kiza kilipoanza kuingia, wakala viazi vyetu vyote na kusifu choo changu, maana jina hilo lilikuwa limeshika. Nilipokwenda jikoni kuchukua maji, mama alikuwa ameshika sufuria bila kuisugua.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Yule si mwanangu aliyesema. Nimemzaa mimi, namjua. Lakini babako kwa masikio yale amelipata jina tu, na jina limemtosha. Muache hivyo hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba ubao hauna mgongo, kwamba aliyekaa nyuma alisikia sawa na aliyekaa mbele, na kwamba aliyekaa mbele alisikia pia. Nilikuwa nimeshaahidi upande mmoja. Nikaahidi na wa pili.

Sijui kama nimewahi kuishi miezi migumu kuliko ile. Jumapili iliyofuata baba alitoa sadaka ya shukrani kanisani kwa ajili ya mwanawe aliye hai, akasimama mbele ya watu wote, na mama akasimama naye akaimba beti zote. Nyumbani mama alimpikia anavyopenda ili furaha yake isipungue. Baba alikula hata asipokuwa na njaa ili mama asishuku. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenziwe kutokana na jambo ambalo mwenziwe alilijua, na kila mmoja alinitazama mimi juu ya sahani, kunikumbusha ninyamaze. Ilikuja barua moja, kwa mkono ule ule wa zamani, ikisema ndugu yangu hajambo. Baba aliipokea, akamshukuru aliyeileta, akaiweka ndani ya Biblia bila kuifungua.

Nilimrudishia msimamizi redio yake. Ubao niliuchukia. Nilijilaumu wazi wazi, kila siku, kwamba lau ningeliliacha sanduku la fundi kama alivyolileta, na mgongo wake na kitasa chake, baba angesikia ngurumo yenye jina la mwanawe ndani yake, na angefurahi kweli. Nililifanyia bidii neno ambalo lingefaa lipotee. Fundi mwenyewe aliponiuliza kama kile kitu uchi kimefanya kazi, nilimjibu kwamba kimefanya, na nikaondoka kabla hajauliza la pili.

Vita vikaisha. Askari wakaanza kurudi, kidogo kidogo, na kila aliyerudi alikuwa si wetu. Halafu adhuhuri moja, mama anachambua mchele na baba ameketi barazani anashona kiatu, ndugu yangu akaingia uani na mfuko wa jeshi begani, amekonda, akasema hodi kwa ile sauti yake ya kuchekacheka.

Sitaeleza zile dakika tano za kwanza. Mchele wote ulimwagika. Baba alimshika mabega, akamgeuza huku na huku, akamshika tena. Ndugu yangu alipokwisha kula na watu kupungua, ni mimi niliyeuliza, na niliuliza kwa hasira iliyonikaa muda mrefu.

"Yule aliyesema redioni alikuwa nani?"

"Mwenzangu. Tulilala hema moja. Ndiye aliyekuwa akiniandikia barua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La."

"Basi kwa nini hukusema mwenyewe?"

Akatazama chini. "Afisa alitaka kila mtu ataje jina la babake. Kwa mdomo wake. Nikamwambia siwezi. Akasema nisipolitaja nisisalimu kabisa. Mwenzangu akasema, lete, nitakusemea."

Kwetu mtoto halitaji jina la babake. Shuleni mwalimu alipotuuliza tulimnong'oneza mwenzetu wa ukoo mwingine, akasimama akatusemea, na walimu wa hapa walijua. Ndugu yangu akiwa mdogo aliwahi kumwita baba kwa jina barabarani, kwa mchezo, na baba alimchapa palepale mbele ya watu mpaka bakora ikavunjika. Hakuhitaji kufundishwa mara ya pili. Hata mimi, mtu mzima niliyefanya kazi na mashine, jina hilo sijalitia katika habari hii.

Mama alikuwa ameacha kuokota mchele. Alimtazama baba, akaona hashangai hata kidogo. "Kumbe ulisikia?"

Baba alikuwa amemsogelea ndugu yangu ili apate maneno yake, mkono umezunguka sikio. Aligeuka. "Nawe?"

Mama alijifunika uso kwa kanga, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele. Mwaka mzima, wote wawili, na jambo lenyewe lilikuwa adabu ya kwetu, tuliyofundishwa humu humu ndani.

"Litaje," baba akasema.

"Baba?"

"Jina langu. Litaje nisikie."

Ndugu yangu alinitazama mimi nimsaidie. Mtu aliyetoka msituni Bama alikuwa anatokwa na jasho puani. Alimwinamia baba sikioni, akalitaja, kwa sauti ndogo.

"Sijasikia," baba akasema.

Akalitaja tena, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Jirani akachungulia ukutani kuona nani amekosa adabu.

"Sijasikia."

Mara ya tatu alilitaja huku analia, na nadhani lilifika hadi stesheni. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa uso wa baba, nimeutazama tangu mwanzo. Alikuwa amesikia mara ya kwanza.